Bingwa wa Kitenzi Kimoja

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepata lugha. Sikuisomea wala sikufundishwa. Nimeiokota.

Mashine mpya ya kufuma masweta imefika asubuhi ndani ya sanduku la mbao kubwa kuliko chumba changu. Tumelifungua watu wawili: mimi, na Miwani, karani wa stoo. Mimi kwa nguvu, yeye kwa maelezo. Humo ndani kila kipuri kimefungwa karatasi, na karatasi zenyewe ni kurasa za kitabu cha shule cha Kihispania. Nikachomoa ukurasa mmoja nikauchomeka kifuani. Miwani akaniona, naye akachomoa wake. Huyo bwana hawezi kuona mwenzake ana kitu akatulia.

Kwa nini nataka Kihispania? Kwa sababu fundi anayekuja kuifunga mashine ni mwanamke wa lugha hiyo, na Jumamosi kabla hajaondoka ataandika jina moja kwenye fomu. Mlezi wa mashine. Jina moja tu! Mlezi anapewa koti la bluu la mifuko minne na kiti kinachozunguka. Mashine tatu kuukuu zinaondoka Jumatatu ijayo, vyuma chakavu.

Moja ya hizo tatu ni ya Shangazi. Dada wa baba, aliyenilea, na ndiye aliyeniombea kazi hapa ya kusukuma vikapu vya nyuzi, baada ya mimi na hesabu kushindwa kuelewana shuleni. Amefuma miaka thelathini na moja. Kelele za ukumbi zimemla sikio la kulia lote na la kushoto nusu. Wenzake wawili wamehamishiwa kwenye vifungo, lakini yeye kwa vifungo macho hayamruhusu. Kwa hiyo Bosi kamwambia apumzike nyumbani, mashine ya kisasa inataka mtu mwenye masikio. Shangazi alianza sweta jingine.

Nimeamua mlezi niwe mimi. Nikishavaa koti nitamtunza Shangazi mpaka aseme basi. Mpango safi kabisa. Sijamwambia.

Sasa ukurasa. Juu neno kubwa: ESCUCHAR. Chini yake escucho, escuchas, escucha, escuchamos, escuchan. Pembeni picha: mtoto kaweka kiganja nyuma ya sikio, mbele yake redio. Ukurasa wa Miwani una ng'ombe, bata na punda. Nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Anakwenda kuomba kazi na zizi zima!

Jioni Shangazi aliniambia jambo kuhusu kitana changu cha njano, hiki ninachokaa nacho mfuko wa kifuani. Sikulishika vizuri. Nilikuwa nasoma.

Jumanne, 4 Juni

Maana nimeipata mwenyewe, kwa akili ya kuzaliwa.

Ukumbini kwetu hakuna anayesikia mwenzake, mashine zinanguruma kutwa. Tunasema kwa mikono. Kidole begani: uzi umekatika. Ngumi kichwani: Bosi anakuja. Kiganja nyuma ya sikio: zima mashine, nina neno. Sasa mtoto wa kwenye picha kaweka kiganja wapi? Nyuma ya sikio. Mbele yake kuna nini? Redio. Anataka redio izimwe. Basi, escuchar ni kuzima. Mtu anahitaji mwalimu wa nini?

Nimewatangazia wote wakati wa chai. Bosi alikuwa mlangoni akanisikia, na papo hapo nikapandishwa cheo: mkalimani wa muda. Miwani uso ulimshuka. Akaniuliza, kama najua sana, ng'ombe anaitwaje. Nikamwambia ng'ombe hafumi.

Bi Fundi kafika saa nne. Mfupi, mabega mapana, nywele kazifunga kwa kipande cha waya. Alisalimia kila mtu kwa mkono, hata anayefagia, na alipoona mkono wake una grisi aliufuta kwanza, kisha ndipo akautoa. Nimempenda papo hapo. Si kwa namna hiyo. Kwa namna ambayo mtu anapenda kazi ikifanywa vizuri. Vidole vyake vinaingia kwenye mashine vikatoka bila kugusa pasipohusika, kama anayetoa mtoto kitandani asimwamshe.

Saa sita akaiwasha. Sauti nyembamba, manyunyu juu ya bati. Akainua mkono, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akasema: Escuchen!

Neno langu! Nikapaza sauti: zima! Mtu akashusha swichi. Bi Fundi akashangaa. Akaiwasha tena. Escuchen! Zima! Tukazima. Tumezima mara saba, tena kwa moyo mmoja. Kufikia alasiri alikuwa amekaa juu ya sanduku tupu, kichwa mikononi. Bosi akaniuliza kulikoni. Nikamweleza kuwa kwao mashine mpya hupumzishwa mara kwa mara, ndiyo maana zinadumu. Akaandika.

Siku ya kwanza kazini kama mkalimani. Sina la kujilaumu.

Jumatano, 5 Juni

Nina machache ya kujilaumu.

Asubuhi Bi Fundi kawasha, kasema escuchen, na mimi kwa bidii nikazima kwa mkono wangu mwenyewe. Akaja akanishika sikio. Hakulivuta. Alilishika kama mtu anayechagua nyanya. Akanipeleka kwenye mashine, akaiwasha, akatoa bisibisi ndefu. Ncha akaigusisha kwenye chuma cha mashine, mpini akauweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio langu.

"Escucha," akasema, polepole.

Haki ya nani. Niliingia ndani ya mashine. Nilisikia kigari kikienda na kurudi, sindano mia nne zikipanda na kushuka, kila moja na saa yake, kama watu wengi wananong'ona jambo moja bila kugongana. Nywele za mikono zilisimama. Nimesukuma vikapu pembeni ya mashine miaka miwili na sikujua zina mambo ndani.

Kumbe ni kusikiliza! Yule mtoto wa kwenye picha alikuwa anaifaidi redio yake, maskini, na sisi tumemzimia siku nzima.

Nilipoinua kichwa ukumbi wote ulikuwa unanitazama. Nikawaambia nilijua tangu jana, nilitaka kuona kama wako makini. Miwani alitabasamu kwa meno yote.

Wakati wa chakula Bi Fundi aliuona ukurasa wangu akanifundisha matumizi. Mwalimu! Hatukuwa na lugha ya pamoja hata ya kuombana chumvi, lakini nilielewa yote. Sisi kitenzi tunakibadilisha kichwa: ninasikiliza, unasikiliza, wanasikiliza. Wao wanabadilisha mkia. Alijigusa kifua: escucho. Akanigusa mimi: escuchas. Akatuzungushia mkono sote: escuchamos. Halafu sentensi mbili za chini ya ukurasa. El niño escucha la radio. La niña escucha a su abuela. Ya kwanza ni mtoto na redio, ya pili ni binti na bibi yake, ipo picha ya kizee. Nikaona kwa bibi kuna kijineno a, kwa redio hakuna. Nikakiwekea kidole. Akaonyesha mashine: escucho la máquina. Akamwonyesha Shangazi kule mbali: escucho a la señora. Nikashika. Ukimsikiliza mtu unatanguliza a. Ukisikiliza kitu, hutangulizi. Yaani mtu anabishiwa hodi kwanza! Lugha yenye adabu hiyo.

Nilikwenda kumsimulia Shangazi. Alikuwa anaitia mafuta mashine yake kuukuu. Nikamuuliza ya nini kutia mafuta chuma kinachokwenda kuuzwa. Kaniambia bado inafanya kazi, na mwenye kazi hula. Nikamfundisha neno. Alinitazama midomo, kama kawaida yake, akalisema taratibu mpaka likakaa. Mara moja tu! Mimi lilinichukua siku mbili.

Kisha akaanza tena habari za kitana. Nikamwambia nimesikia.

Alhamisi, 6 Juni

Leo ni kampeni.

Mpango: Bi Fundi akisema chochote, nami najibu escucho. Atajua hapa kuna mtu. Kasema neno refu, nikajibu escucho. Kasema jingine huku amenyoosha mkono, nikajibu escucho. Mkono ukabaki umenyooshwa. Miwani akapita akaweka spana ndani yake. Kumbe alikuwa anaomba spana. Miwani hajui Kihispania, ana macho tu, na hata hayo ni ya kununua.

Halafu akanizidi mchezo. Uzi wa kahawia ulipoingia kwenye mashine, aliushika akasema kwa fahari: vaca. Ng'ombe! Kwa sababu ya rangi! Bi Fundi alicheka mpaka akashika meza. Bosi akaona wanavyoelewana. Nikasikia akimwuliza Miwani anavaa koti saizi gani.

Nikabadili mbinu. Kazi ya mlezi ni kuinama juu ya mashine kwa uso wa mawazo. Basi nimeinama mchana kutwa. Kile kifuniko cha chuma kinang'aa kama kioo, na mtu akijiona amependeza, mkono unakwenda kwenye kitana wenyewe. Nimechana, nimeinama, nimechana.

Shangazi, kutoka upande wa pili, alinipigia ishara. Mkono kifuani, kisha kidole kinashuka chini. Mara nne. Hiyo ishara haimo katika zetu. Nadhani ni pongezi. Nikamrudishia dole gumba.

Nimegundua jambo jingine. Shangazi ana rula ya mbao anayokaa nayo kwenye aproni, nayo imetafunwa ncha kama penseli ya mtoto wa darasa la kwanza. Nimemwambia stoo kuna sumu ya panya, aombe. Akanitazama kwa huruma.

Ijumaa, 7 Juni

Siku nzito.

Saa mbili Bi Fundi kaiwasha mashine na uso ukabadilika. Escuchen. Safari hii hakuna aliyezima. Tumesikiliza wote, hatujaona kasoro. Lakini sweta la kwanza limetoka na tundu mkono wa kushoto. La pili, tundu palepale. La kumi, tundu.

Bosi akageuka rangi. Kuna oda ya shule, masweta mia sita. Akaanza kusema mashine irudi sandukuni na fomu isiandikwe jina la mtu. Bi Fundi kafungua, kafunga, bisibisi huku, bisibisi kule. Anajua kuna kitu. Hajui kiko wapi. Jasho lilikuwa linamdondoka puani, na kila mara alilifuta kwa bega lisidondokee nyuzi. Hata akishindwa, anashindwa vizuri.

Akanipa bisibisi. "¿Qué escuchas?" akaniuliza. Nikaelewa: ninasikiliza nini. Nikaweka mpini mfupani, nikafumba macho kitaalamu, nikajibu: Escucho. Akatikisa kichwa akampa Miwani. Miwani akasikiliza kwa muda mrefu, akasema: pato. Bata. Nadhani ndilo neno alilokuwa nalo karibu.

Hapo mashine ya Shangazi ikanyamaza.

Shangazi hazimi kabla ya kengele. Kwa miaka yote. Akavuka ukumbi, akatoa ile rula kwenye aproni. Ncha moja akaiweka juu ya chuma cha mashine mpya. Ncha nyingine akaiuma kwa meno. Akafumba macho.

Kumbe panya ndiye yeye! Sikio likifa, meno yanapeleka sauti kichwani. Ndivyo alivyokuwa akiilea ile mashine yake kuukuu tangu mimi sijajua kufunga viatu, na sikuwahi kuuliza.

Akasogeza rula kiganja kimoja. Akauma. Akasogeza tena. Mwenzake mmoja wa zamani, aliyekuwa kapita kuchukua vifungo, akazima mashine iliyo karibu naye. Kisha nyingine ikazimwa, na nyingine. Hakuna aliyetoa ishara. Ukumbi ukatulia kiasi kwamba nilisikia saa ya ukutani, ambayo siku zote nilidhani ni mbovu. Ikabaki mashine mpya peke yake, na mwanamke mwenye rula mdomoni.

Akainua kidole. Hapa. Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

Aliyezima ni Bi Fundi mwenyewe. Ishara yetu alikwisha kuijua, na alijifunza kwa kutazama tu, bila ukurasa. Akafungua kifuniko cha tatu, akaingiza kibano, akatoa kitu kidogo kama punje ya mchele. Cha njano.

Jino la kitana.

Bosi akauliza ni la nani. Watu wote wakapendezwa na dari. Mimi nikatia kidole mfukoni, nikapapasa meno moja moja. Pengo moja. Nilitaka kusema. Mdomo wangu, ambao haujawahi kuniangusha, uligoma kabisa.

Shangazi akalichukua lile jino akalitia kwenye aproni.

"La mashine hilo," akasema. "Watoto wote hung'oka meno. Haya, kazi."

Bosi hakuelewa. Bi Fundi hakuelewa maneno, lakini alitazama mfuko wangu wa kifuani, akamtazama Shangazi, akashikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Kisha akaomba rula. Akaiuma, akaigusisha kwenye mashine, macho yakamtoka. Wakapokezana, yeye na Shangazi, kama wasichana na muwa mmoja. Wanacheka. Hawana neno la pamoja hata moja.

Wanalo moja. Nimelisikia. Shangazi alijigonga meno akasema: escucho.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya fomu.

Tumekaa ofisini kwa Bosi: mimi, Miwani, Bi Fundi. Shangazi hakuitwa. Kupitia kioo nilimwona anatia mafuta mashine yake, ya mwisho mwisho. Bosi akaeleza kwa mikono kwamba vijana wako wawili, achague. Bi Fundi akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye kioo. Bosi akajigonga sikio: yule masikio hana. Bi Fundi akasema maneno mawili tu.

"Ella escucha."

Bosi akanigeukia mimi. Mkalimani, kasema nini?

Hapa lazima niandike ukweli, daftari ni langu. Nilielewa sentensi nzima, ya kwanza maishani mwangu. Mkia wa kitenzi ulikuwa wa yule mwingine, si wangu wala wako. Na Bosi asingejua tofauti. Ningeweza kusema lolote. Ella ni yeye, ningeweza kusema ni mimi. Koti lilikuwa limetundikwa mlangoni, la bluu, mifuko minne. Nilihesabu mifuko. Nikatazama kioo. Shangazi alikuwa anaifuta ile mashine kuukuu kwa upande wa ndani wa aproni yake, ule safi.

Nikasema: "Anasema, yule mama anasikiliza."

Tafsiri yangu ya kwanza ya kweli wiki nzima, na imenigharimu kiti kinachozunguka.

Bosi akaliangalia sweta la mwisho la jana, lililotoka bila tundu. Akatoa kalamu.

Koti limemzidi, mikono kaikunja mara mbili. Alipoambiwa alikaa, akasimama, akauliza kama kazi inaanza saa ileile. Hakulia. Mimi ndiye niliyeingiwa na vumbi la nyuzi, macho yote mawili.

Kuagana: Bi Fundi kampa Shangazi bisibisi ndefu. Shangazi kafikiri kidogo, kampa rula. Ile iliyotafunwa! Bi Fundi kaifunga kwenye kitambaa kama dhahabu, kaitia kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku. Nimeona mengi lakini hilo nitalikumbuka.

Mimi alinishika sikio, lilelile, akalivuta kidogo. Akasema kitu kirefu. Nikamjibu escucho.

Jumatatu, 10 Juni

Chuma chakavu kimeondoka. Shangazi hakutoka nje kutazama, alikuwa kazini, juu ya kiti, anazunguka kidogo kidogo akidhani hatumwoni. Ameshaanza kuuma rula mpya. Na Bosi kamuuliza anamtaka nani awe msaidizi. Kanitaja mimi! Miwani amebaki na mifugo yake.

Kwa hiyo nimeanza maisha mapya. Nafanya mazoezi ya kitenzi kutwa. Escucho a mi tía: namsikiliza shangazi yangu. Lile neno la mwisho nilimwomba Bi Fundi Jumamosi, kwa vidole. A ipo, adabu ipo. Ingekuwa ni mimi mwalimu, kwa namna Shangazi anavyoisikiliza mashine, hata hiyo mashine ningeipa a yake.

Jioni nimesema sentensi hiyo mara hamsini nikitembea chumbani. Shangazi alikuwa anasema jambo wakati huohuo, sijui nini, nikamwonyesha kiganja asubiri nimalize. Mchana pia alinipigia ile ishara yake, mkono kifuani, kidole kinashuka. Anapenda sana kunisifu siku hizi.

Ah, na kitana kile chenye pengo nimekitupa. Nimepata kipya, cha chuma. Hiki meno yake hayakatiki ovyo. Kizito kidogo, kinateleza nikiinama, lakini kimekaa palepale, mfuko wa kifuani, kwa sababu kesho Shangazi kanipangia kuinama juu ya mashine siku nzima.